Fungua Huo Mpira

Juzi fundi mmoja wa hapa mtaani Rhonda alinipa CV joint ya gari letu kuukuu, kile kiungo kinachozungusha gurudumu la mbele. Mpira wake mweusi, ule unaofunika grisi, ulikuwa unametameta. "Mathe, hii ni kama mpya," akasema. Mtoto wangu alikuwa amelala mgongoni. Harufu ya grisi ilinirudisha kwa duka lingine la spea, mama amesimama kaunta na gauni lake la kanisani.

Nilikuwa mdogo, na tulikuwa tunaenda Kabazi kwa nyanya yangu. Kila baba alipokata kona, gurudumu lililia ka-ka-ka, na mimi nilidhani gari linacheka. Mwenye duka alileta CV ya kubadilisha. Nikaona mpira mpya, nikajua shida imeisha.

"Fungua huo mpira," mama akasema.

"Mama Akinyi, unatuaibisha," baba alinong'ona. "Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Hawako ndani ya gari kule kwa mteremko wa Kabazi."

Nilimchukia mama. Nilidhani anapenda tu ugomvi. Mwenye duka alivuta mpira akiguna, mama akachovya kidole ndani. Kilitoka na grisi nyeusi, imejaa vipande vidogo vya chuma: CV ilikuwa imesagika, mpira tu ndio mpya. Baba alikitazama hicho kidole, kisha akanitazama mimi.

Kwa hivyo juzi nilimrudishia fundi CV yake. "Fungua huo mpira."

"Kwani huniamini, mathe?"

"Nimebeba mtoto. Fungua."