Mahindi Juu ya Shimo la Tisa

Juzi nilikuwa Iyula, kwenye uwanja wa gofu waliouacha walowezi wa kahawa, ambao sasa unakarabatiwa. Fundi mwenye ramani ya zamani alikuwa ameona mashimo manane. La tisa lilikuwa chini ya turubai la mahindi ya bibi mmoja.

“Mama, toa mahindi. Hapa ni eneo la kihistoria.”

Bibi aliendelea kuyageuza kwa mguu.

“Mwanangu, hapa alipasawazisha baba yangu kwa jembe. Wazungu walipoondoka, tukaanika kila mwaka. Tusingeanika, ungekuta msitu.”

Fundi akakunja ramani.

Kibao kipya cha historia pale getini kina majina ya walowezi tu. Basi mahindi na yakauke taratibu.