Isale Mbele ya Duka la Kompyuta

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wetu wa Moshi mjini hakunionyesha kompyuta. Alinipa kitambaa nifute vumbi, akasema mnunuzi wa huku hanunui kitu ambacho hajakishika. Nilinuna, mimi na cheti changu cha ufundi. Siku chache baadaye mama mmoja wa Mabogini aliibofyabofya mashine, akaondoka, akarudi na mumewe, kisha na shemeji, ndipo wakanunua. Nikaendelea kufuta, bila kununa.

Tulikuwa mawakala: kiwanda kinatengeneza, sisi tunauza na kusimamia dhamana, yaani ahadi ya kumtengenezea mteja bure mpaka muda uliowekwa uishe. Nilipopewa tawi la Kwa Sadala nililitunza kama nyumba yangu. Siku za soko wateja waliingia na mikungu yao ya ndizi mpaka ndani, na sikumfukuza mtu.

Kisha kiwanda kikaleta kompyuta za mkononi za bei rahisi, pamoja na mauzo ya moja kwa moja: mteja anaagiza kwa simu, mzigo unamfikia, wakala anabaki kutazama. Mkurugenzi wa Mauzo wa kiwanda akanipigia kutoka Dar kunieleza kuwa tawi langu litafungwa. Nililia, sifichi.

Kilichoniuma zaidi ni Mwalimu Mkuu wa shule moja ya Uru, mteja wangu wa siku nyingi. Naye aliagiza kompyuta za shule nzima hukohuko kiwandani, bila hata kuniaga. Haikuchukua muda umeme ukachezacheza, chaja zikaungua, na kila alipopiga simu kiwandani aliambiwa asubiri. Nilipopata habari nilisema moyoni, shauri yake.

Asubuhi moja nikamkuta mlangoni ameshika tawi la isale. Kwetu Wachagga, aliyekukosea akikujia na mmea huo, humkatalii.

"Shikamoo, mama. Nilikuruka," alisema. "Na watoto wana mtihani."

"Marahaba. Zilete zote."

Mashine zenyewe hazikuwa mbaya. Zilihitaji chaja mpya na stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme unapopanda na kushuka. Zikiwa bado zimejaa mezani, Mkurugenzi akafika kufunga tawi. Aliuliza kompyuta alizouza yeye zinafanya nini kwangu. Nikamwonyesha isale, nikamweleza maana yake.

"Uza moja kwa moja, baba, sikukatazi," nikamwambia. "Ila zikizima, mtu wa Uru azipeleke wapi?"

Akazihesabu zile mashine mezani moja moja, akaniuliza ni shule ngapi nyingine zimenunua. Watoto walifanya mtihani, na tawi halikufungwa. Likawa kituo cha matengenezo cha mkoa mzima, nami nikawa mkuu wake mpaka nilipostaafu. Najivunia hilo kuliko mauzo yangu yote.

Vijana, uzeni kwa simu. Bei rahisi ni neema kwa mtoto wa mkulima. Lakini muwe na mlango wa kubishia hodi.

Lile tawi la isale nililichomeka mbele ya duka, likashika. Siku ya kuaga nilitaka kuling'oa nikalipande nyumbani. Binti aliyerithi kiti changu akanizuia.

"Liache, mama," alisema. "Wateja wakipotea njia, huulizia duka lenye isale."

Nikaliacha.