Mdomo wa Mtungi wa Shaba

Jean alikuwa mpishi, Mkongo wa Uvira, mtu wa kuimba zaburi huku akikata vitunguu. Chumvi ikizidi, alimsingizia Shetani. Mwaka 1996 tulifanya kazi pamoja Lodwar katika nyumba ya mawe ya enzi za mkoloni, yeye jikoni, mimi Aluong nikifagia. Kabla ya hapo, kambini Kakuma, nilikuwa fundi wa kuziba jerikeni: nachoma kisu, nayeyusha kipande cha plastiki, nabandika. Kazi yangu haikuvuja, na nilijivuna nayo.

Ukutani jikoni palining'inia mtungi wa shaba wa kuzimia moto, ulioachwa na Mzungu aliyeishi humo zamani. Tangu aondoke hakuna aliyeukagua. Mimi niliusugua kwa majivu na ukwaju hadi ukang'aa, nao ukaanza kudondosha maji mdomoni mwa mpira wake, kwenye sakafu yangu. Nikakasirika. Nikakata beseni langu la buluu lililopasuka, nikaliyeyusha, nikauziba ule mdomo kabisa. Sikumwambia mtu. Ningesema nini, wakati nilidhani nimetengeneza?

Miezi miwili baadaye pazia la jikoni likashika moto. Jean akauangua mtungi, akaupindua kichwa chini kama picha iliyo ubavuni mwake ilivyoelekeza. Humo ndani tindikali ilichanganyika na magadi, hewa ikafura, isipate pa kutokea. Maji hayakuja. Akainama kuuchungulia mdomo, na mtungi ukapasuka.

Moto tuliuzima kwa mchanga wa uani, dakika moja tu. Jicho lake la kulia halikupona.

Wakubwa wetu wa kazi walisema ni uzee wa mtungi. Nikatikisa kichwa kukubali, mwoga mimi. Kwa miaka mitatu nimemfulia na kumpikia uji. Watu hunisifu kwa wema, nami natamani ardhi inimeze.

Jumapili iliyopita, hapa kambini Kakuma tunakoishi sasa, baada ya ibada aliniletea jerikeni inayovuja. Nilishika kisu cha moto, nikakishusha kabla hakijagusa plastiki.

"Jean, ule mdomo niliuziba mimi."

"Nayua, dada. Nilichungulia, nikaona bulu. Beseni ya bulu ilikuwa yako tu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoya useme mwenyewe."

Akanisogezea jerikeni. Niliiziba vibaya, ilivuja njia nzima hadi kwake.