Aila na Kijiji cha Watu Wasiosema

Glavu za sufu zilizolowa, ukizianika juu ya hita, hutoa harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Binti yangu anaichukia. Jioni akitoka shule anazitupa pale kwenye hita ya sebuleni, hapa kwetu Mount Dennis, kisha anafungua dirisha huku akilalamika kwa Kiingereza. Mimi namwambia kwa Kiswahili alifunge. Nimekuwa kazini tangu alfajiri nikiwageuza na kuwaogesha wazee wa watu, miguu imevimba, sina nguvu hata ya kuvua koti, na harufu ile inanipumzisha. Inanirudisha mahali ambapo Wakongo wenzangu wa Toronto huwa hawaamini kwamba niliwahi kuishi: kijiji kimoja cha Finland, kaskazini, chenye miti mingi kuliko watu.

Kwenye karatasi kiliitwa manispaa, maana kilikuwa na ofisi yake na nembo yake yenye picha ya samaki. Lakini ukweli ni kwamba kilikuwa ziwa, msitu, kanisa la mbao, na duka moja lililouza mikate, misumari na chambo cha kuvulia. Nyumba zilikaa mbali mbali hivi kwamba jirani ulimjua kwa moshi wake. Vijana walikuwa wameshahamia mijini. Waliobaki walikuwa wazee na mbwa wao, na familia chache ambazo watoto wao walisoma katika shule ndogo iliyopakwa rangi nyekundu.

Sisi tulifika pale tukitoka kambi ya wakimbizi nchini Tanzania: Papa, Mama, mdogo wangu Bahati, na mimi niliyekuwa darasa la tatu. Kambini mtu ukikohoa, majirani wanakupa pole ukutani. Huku tulishushwa na gari mbele ya nyumba yenye kuni zilizopangwa hadi juu, jokofu limejaa, vitanda vimetandikwa, na hakuna mtu. Mama alisimama jikoni, mkoba bado begani, akasikiliza. Halafu akamuuliza Papa, "Wamekufa wote?"

Papa alipata kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Mimi na Bahati tulikwenda shule, tukafundishwa kuteleza kwenye theluji kwa vile vibao virefu vya miguuni. Bahati alishika upesi. Mimi nilianguka mpaka mwalimu akaacha kuniinua, akawa anasimama tu kando akingoja niinuke mwenyewe. Lakini tulikuwa watoto, na lugha iliingia kama homa. Aliyebaki nyuma ni Mama. Alikuwa mwanamke wa maneno, aliyeuza sambusa kambini na kujua habari za kila kaya, na sasa alishinda peke yake akitazama dirishani jua likichungulia na kuondoka. "Watu ba huku habasemake," alimwambia Papa kwa Kiswahili cha kwetu Kivu. "Watu wasiosema na wewe, unajuaje kama wanakutaka?"

Kisha akaja Aila. Alikuwa mjane wa nyumba ya pili, mrefu, mwenye mgongo ulioanza kupinda, na alikuja na mkate mtamu wa iliki uliofungwa kwenye taulo. Mama alinusa iliki akakaribia kulia. Alimwonyesha kiti, akamwambia, "Kaa." Aila akakaa. Wakanywa kahawa, kimya, hadi kahawa ikaisha. Aila akaondoka. Mama alidhani amemuudhi kwa jambo fulani. Lakini kesho yake Aila alirudi, na keshokutwa yake, na majira yote yale ya baridi alikuja kukaa kwetu bila kusema neno, akifuma soksi, na Mama akichagua maharage. Baada ya muda Mama alianza kuongea peke yake kwa Kiswahili, habari za marehemu mama yake, za soko la Uvira, za watu aliowakumbuka, na Aila aliitikia kwa kuvuta pumzi ndani, "joo," yaani ndiyo, kama wafanyavyo watu wa kule. Hakuelewa chochote. Mama alisema hilo ndilo lililomfaa.

Siku moja Aila alimwalika sauna, kile chumba chao cha mvuke. Mama alipotambua kwamba huko watu huingia uchi, alikwenda amejifunga vitenge viwili na kilemba. Alirudi macho mekundu, ameloa, akajilaza kwenye kochi. "Nimeuona moto wa jehanamu," alisema. "Ila wenyeji wake ni wapole." Lakini wiki iliyofuata alikwenda tena, na mara hii kilemba alikiacha nyumbani.

Ningependa kuwaambia kwamba iliishia hapo. Hata hivyo uchovu wa Mama haukuwa wa kutibiwa na jirani mmoja. Alichoka kutazamwa dukani, ingawa walimtazama kwa upole. Alichoka kuwa Mwafrika wa kwanza kila alikokwenda. Papa naye alipata habari za Wakongo waliokuwa mji mkubwa wa kusini, wenye kanisa lao na kwaya ya Kiswahili, na tangu siku hiyo nyumbani hakukuzungumzwa kingine.

Kijiji kilipopata fununu, mambo ya ajabu yalianza. Mtu alituachia baiskeli mbili mlangoni, hatukumjua. Mwingine alileta paja la paa. Mwenyekiti wa manispaa, mzee mwenye kofia ya kufunika masikio, alikuja kukagua dari letu ambalo halikuwa na kasoro, akamaliza, akabaki amesimama ukumbini akizungusha kofia mkononi. Hatimaye akasema kwamba majira ya kiangazi hapa ni mazuri. Akaaga. Mwalimu wetu alimwambia Papa kwamba Bahati anaweza kuwa mwanamichezo. Kila mtu alileta kitu, na hakuna aliyesema msiondoke. Mimi nikahitimisha kitoto kwamba wanatuaga, na kwamba wamefurahi.

Asubuhi ya kuondoka tuliwakuta kituo cha basi, nusu ya kijiji, kwenye baridi ya kuuma meno. Walisimama mikono mifukoni. Aila alimshika Mama mkono, akajikaza, akasema neno lake moja la Kiswahili: "Kaa."

Bahati alicheka. "Mama, anadhani hakuna viti kwenye basi."

Mimi pia nilicheka. Mama hakucheka. Alimwegemea Aila begani, wakabaki hivyo mpaka dereva akapiga honi, kisha akapanda, akaenda kukaa nyuma kabisa.

Yalipita mengi. Toronto nilikuja ukubwani nikimfuata mume, na Papa alipofariki Mama akanifuata. Sasa naye ni mzee. Anashinda kwenye ghorofa yetu ya tisa akisikia kila ukuta ukiongea, Kisomali, Kireno, Kiingereza cha visiwa vya Karibi, na hamjui hata mmoja. Juzi nilikaa naye nikafungua simu kutafuta habari za kile kijiji. Ukurasa wao unaeleza ziwa, kanisa la mbao, kimya na hewa safi. Manispaa yenyewe imeunganishwa na jirani yake. Picha ya shule ipo, bado nyekundu, lakini siku hizi ni ghala la mashine za theluji.

"Ilifungwa mwaka ule ule tulioondoka," Mama alisema, bila kushangaa.

Nilimuuliza amejuaje.

"Mkalimani wa manispaa alinieleza mapema, kabla hatujaamua kuondoka. Watoto walikuwa hawatoshi. Wanakijiji walituomba sisi serikalini. Waliomba familia yenye watoto." Akanyoosha miguu yake, akaifunika. "Nililijua hilo, na bado niliondoka. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Mtu aliyechoka hasikii hata anayemwita kwa lugha yake."

Nilifikiria asubuhi zote tulizotembea kwenda shule, mimi na Bahati, tumeinamisha vichwa, tukijibana barabarani ili magari yapite, tukisema asante hata kwa kufunguliwa mlango. Papa alituasa tusifanye kelele, tusije tukawachosha waliotusaidia. Na nyuma ya madirisha yale, nyumba baada ya nyumba, walikuwepo wazee na vikombe vyao vya kahawa, wakingoja kutuona tukipita.