Mbwa Aliyemfuata Nyanya

Jirani yetu wa Katindo alipohama alituachia mbwa wa kunusa, mwenye masikio marefu yaliyoburuta vumbi jeusi. Alikuwa mpole ajabu. Watoto wa parsele nzima, ule ua wa nyumba zetu, walimlalia mgongoni. Lakini harufu ikimwingia puani, hakusikia tena mtu, ndiyo maana hatukumfungua kamba nje ya lango. Kila Jumamosi nilimfuta masikio kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, kwa sababu yakibaki na unyevu yalimuwasha, naye alilia kama mtoto.

Jumapili moja tulirudi kutoka misa tukakuta kitanda cha nyanya kitupu. Nyanya, mama mzazi wa papa, baba yangu, alikuwa ameanza kusahau, na kila siku aliomba arudishwe kwenye shamba lake Kalengera. Mama alipiga kelele. Majirani wakatawanyika kila upande. Mimi nikachukua kitenge cha nyanya, nikamnusisha mbwa.

“Acha michezo,” papa akasema. “Hii ni mbwa, haiko polisi.”

Mbwa akainamisha kichwa, akanivuta nusura nianguke. Tukatoka mbio, papa nyuma yetu na viatu vyake vya misa. Kwenye njia panda papa alitaka twende upande wa soko. Mbwa akakataa katakata, akazunguka mara mbili kwenye mawe ya volkano, kisha akabweka kwa sauti ndefu ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, akashika barabara ya kwenda Kibati, ile ile inayofika Kalengera.

“Papa, anaijua njia!”

“Basi mufuate! Kimbia!”

Tulipita chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba makaa, watu wakitucheka na kutushangilia. Ghafla mbwa akaingia kwenye ua wa nyumba ya mbao. Nyanya alikuwa ameketi pale, miguu ikiwa na vumbi hadi magotini, akimsaidia mama mmoja asiyemfahamu kupukuchua maharage yaliyojaa sahani.

“Nilimuona amechoka,” mama yule akatuambia, “nikamupa maji na kiti.”

Papa alipiga magoti chini, akaishika mikono ya mama yake. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Mbwa aliweka kichwa mapajani mwa nyanya, mate yakidondoka kwenye sahani.

“Muondoe huyu,” nyanya akasema, “atatukulia maharage yote.”

Naye mwenyewe akakataa kuondoka mpaka sahani iishe. Tukaketi, sisi wote, tukapukuchua.