Mshenga na Mfalme wa Ulaya

Bibi mshenga wa Malindi huhesabu nasaba kwenye vidole, shavu moja limejaa tambuu, na hatamki neno mpaka amfikie babu wa saba. Ijumaa moja baada ya sala, Hilal, karani wa boma, alimsomea kitabu cha Bwana DC: hapo kale mfalme mmoja wa Ulaya alimwacha mkewe kwa kuwa babu za babu zao walikuwa ndugu. Mshenga akavihesabu vizazi hivyo, kisha akahesabu upya, akidhani vidole vimemkosesha.

"Kwetu hiyo ndiyo sababu ya kuoana," alisema, akaendelea kupakua pilau.

Yeye mwenyewe aliolewa na mtoto wa ami yake, akaachwa mwaka wa pili. Kila Ijumaa humpelekea mtalaka wake huyo sahani ya pilau.

"Si alishakuacha, bibi?" Hilal aliuliza.

"Aliyeniacha ni mume, mwanangu," alijibu, akiifunika sahani kwa kawa. "Mtoto wa ami yangu hajala."