Kitambaa cha Matapishi

Serikali iliporuhusu biashara huria, maduka kutoka Kibiti hadi Chumbi yalijaa dawa ya kusafishia choo, ile nyeusi inayogeuka nyeupe ukiitia maji. Iliuzwa kwa kupimwa, kwenye chupa za soda. Mimi, tabibu niliyetoka bara, niliisifu mbele ya wagonjwa. Mjinga mimi.

Mwenye duka mmoja wa Chumbi alitapika tangu asubuhi, alasiri akafa. Ndugu zake wakasema mkewe kamtilia dawa hiyo kwenye uji. Mpaka kivuko cha Ndundu kinatuvusha, mimi na mpelelezi wa polisi, marehemu alikuwa ameshazikwa, kama ilivyo ada yao. Hakuna aliyethubutu kutaja kufukua. Cha kupeleka maabara Dar es Salaam kilibaki kitambaa kilichofutiwa matapishi. Kilinuka dawa ya choo. Nikakitia kwenye chupa, nikaziba kwa lakiri, nikijiona mtu wa maana.

Mjane alikuwa chumbani, ameanza eda. Aliniita kutoka nyuma ya pazia.

"Bwana mganga, kitambaa hicho ndicho nilichopigia deki baadaye. Nilitia dawa ya choo ili watu wa msiba wasisikie harufu. Tafadhali andika."

"Nitaandika, mama."

Nyumba yenye msiba husafishwa kabla majamvi hayajatandikwa. Mwanamke yeyote wa pale angefanya vilevile. Lakini fomu ilikuwa na mstari mmoja wa maelezo, nami nilikuwa nimeshaujaza: "Kitambaa cha matapishi." Mpelelezi alinihimiza tuwahi kivuko. Nikajiambia nitaandika barua nikirudi kituoni. Kituoni nikakuta foleni ya wagonjwa wa malaria. Sikuandika. Sina kisingizio, na nimechoka kujitafutia.

Majibu yalikuja baada ya miezi kadhaa: dawa ya choo imeonekana kwenye matapishi. Nikaenda kwa mpelelezi kueleza. Akaniuliza mbona hayo hayamo kwenye fomu yenye saini yangu. Niliona aibu, nikasema labda nimechanganya, nikaondoka. Aibu yangu ilikuwa na nguvu kuliko huruma yangu kwa mjane.

Siku ya kumpeleka mjane mahakamani, gari la polisi lilisimama mbele ya kituo chetu kutia maji kwenye rejeta. Alikuwa amekaa nyuma, ameshika ushungi wake kwa mikono miwili.

"Bwana mganga, uliandika?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ahsante, baba," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.